Vizibo vya Masikio Kutoka Mtito Andei

Mashine ya kusaga mahindi pale Matiliku ilikuwa ya dizeli, nayo ilinguruma ndani ya chumba cha mabati kisichokuwa na dirisha. Nilifanya kazi hapo miaka ya sabini nikaingia nayo themanini. Jioni nikifika nyumbani, mke wangu alilazimika kurudia neno ndipo nigeuke. Hilo halikunisumbua sana, kwani mke na mume wana namna yao ya kuelewana. Nilichokiogopa ni Jumapili. Kanisani kwetu hapakuwa na kinanda. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kwaya, na wimbo ulianza pale nilipotoa do, sauti ya kuanzia, kwa mdomo wangu. Mwalimu wa kwaya asiye na sikio ni mpunga mikono tu.

Basi nikaanza kutafuta vizibo. Pamba haikuwa shida, watu waliilima hapo hapo, lakini kuweka pamba mbele ya mashine ile ni kukinga mvua kwa chekecheke. Muuza dawa wa mjini Wote alielewa nilichokitaka. Alisema viko vya mpira, unaviosha kwa sabuni na kuvitumia miaka, ila hawezi kuviagiza kwa ajili ya mteja mmoja. Halafu akataja bei, nikamuaga.

Hapo nikafikiri kama Mkamba, mtu wa mizinga ya nyuki: nta. Baba mkwe alikuwa na mizinga, akanipa sega lililokwisha kukamuliwa. Nilipaswa kulichemsha na kulichuja mpaka nta ibaki peke yake, lakini haraka ilinishika, nikalikanda hivyo hivyo na kuziba masikio. Asubuhi hiyo nilisaga kwa raha ambayo sijaipata tena. Kumbe ilikuwa kiangazi, maua yameisha, na nyuki wenye njaa hawaulizi asali imewekwa wapi. Walinifuata mpaka kichwani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitupa madebe yao wakatimua mbio, na mimi, kwa kuwa sikusikia lolote, nilikuwa wa mwisho kujua. Matiliku walinicheka mpaka mavuno yaliyofuata.

Mwenye mashine hakucheka. Alinikumbusha kwamba msagaji hufanya kazi kwa sikio: mahindi yakikaribia kwisha mlio hubadilika, na jiwe likiingia, mashine hulia kabla ya kuvunjika. Nikamwambia nitakuwa kiziwi. Akanijibu kwamba wasagaji wote ni viziwi kidogo, na wala hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba aliliona jambo la kawaida, kama mkulima kuwa na sugu.

Tumaini lilikuja kupitia shemeji yangu, ambaye alipika katika hoteli moja ya madereva wa malori huko Mtito Andei. Dereva mmoja alimwambia kwamba watu wa bandarini wana vizibo vya mpira vinavyopunguza ukali wa mlio lakini mtu bado anasikia mashine yake. Akaahidi kuleta. Tuliuza mbuzi, tukapeleka pesa, tukangoja. Lori lake lilipita Mtito Andei likielekea Nairobi bila vizibo. Likapita tena. Mvua zikaja, watu wakapanda, wakapalilia, wakavuna, na mimi nikaendelea kusaga masikio wazi.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, mke wangu, aliyeimba sauti ya pili, alitembea nami mpaka tukawaacha wenzetu nyuma.

"Baba watoto," akasema, "hiyo do unatoa siku hizi iko juu sana. Wamama wanaumia koo."

Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema ni tangu mavuno ya mwaka uliopita.

"Na hakuna mtu ameniambia?"

"Wewe ndio mwalimu. Tulikuwa tunakufuata tu."

Kwetu wimbo ukishaanzishwa haurekebishwi mbele ya watu, kwa kuwa aliyeuanzisha amejitoa kwa Mungu. Walikuwa wamenifuata mwaka mzima, wakikaza koo kwa heshima, nami nikidhani nyuso zile ni za roho iliyoguswa. Niliona aibu kiasi kwamba sikuweza kula mchana huo.

Vizibo vilifika wiki chache baadaye, viwili, vyeusi, vizuri kweli. Mwenye mashine aliniruhusu nivijaribu. Nilivitia, na ngurumo ikasogea mbali, kama ilivyoahidiwa. Ndipo nikasikia mlio mwembamba ukilia ndani ya kichwa changu mwenyewe. Nilizima mashine, ukaendelea. Nikavitoa vizibo, nikasimama nje juani, nao ukaendelea.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mke wangu aanzishe wimbo. Nilisimama mstari wa nyuma pamoja na wanaume. Alipotoa do, wote wakaingia, nami nikafungua mdomo kama wao, lakini sikutoa sauti, maana sikujua sauti zao ziko wapi.