Sare ya Vipande

Kunegunda wa Bombambili haokoti takataka, ingawa wapo majirani wanaosema hivyo. Anapita kwa mafundi cherehani wa sokoni na kuchukua vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya meza. Kisha anapita kwa wapambaji wa kumbi kuomba neti zilizochanika, zile nyeupe nyepesi wanazozungushia viti vya maharusi. Nyumbani anatandika blanketi kuukuu, anapanga juu yake vipande, hata vile vidogo kama kucha, anafunika vyote kwa neti na kupitisha cherehani huku na huku mpaka visiweze kutoka tena. Kwa baridi ya Songea ya mwezi wa saba, shuka hilo zito linatafutwa. Waliomcheka ndio hao hao wanaotuma watu kulinunua, na kuomba wasitajwe.

Kwa kazi hiyo anaujua mji kuliko makarani wa kata. Kila shughuli hapa ina sare yake, iwe harusi, kipaimara au kumaliza msiba, na mabaki yake yote yanaishia kwenye gunia lake. Anajua nani anaozesha kabla kadi hazijachapwa.

Na sare si nguo tu. Ukipewa, wewe ni wa nyumbani. Ukinyimwa, ujue watu wamekaa kikao, wamekujadili, wamekutoa. Hilo Kunegunda hahitaji kuelezwa. Polikarp, mwanaume aliyeishi naye na kuzaa naye, alifariki kabla ya kupeleka mahari kwao Kunegunda. Siku ya kumaliza msiba ndugu wa marehemu walivaa kitenge kimoja, wakubwa kwa wadogo, na yeye akapika jikoni na khanga yake ya kila siku. Baadaye Adela, dada wa marehemu, akamchukua mtoto, Jane, akamlee kwake Msamala. "Utakuwa unakuja kumwona, wifi," alisema. Kunegunda alikubali. Alikuwa na njaa, na mtoto alikuwa na njaa. Watu walioshiba wana majibu mazuri kuliko hilo, lakini siku ile hakuna hata mmoja wao aliyebisha hodi.

Mwaka huu Jane alipiga simu mwenyewe. Anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga nyumbani, ni Jumamosi baada ya Pasaka, "na wewe usikose." Kunegunda alifurahi mpaka akasahau kuuliza aje kama nani. Akaanza kungoja sare ya akina mama. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba, moyo ulimruka.

Sare aliikuta kwa Sixbert, fundi wa sokoni, sakafuni. Kitenge cha zambarau chenye ndege wa njano, kipya, bado kina gundi ya kiwandani. Alikiinua kipande kimoja, akakinyoosha kwenye paja.

"Hiki cha nani, fundi?"

"Si cha kwenu hicho, Mama Jane? Sare ya akina mama wa bibi harusi. Mama Adela kaleta mwenyewe, na vipimo vya wenzako wote. Nikasema wewe utakuja kupimwa hapa hapa." Halafu Sixbert akauona uso wake, akainamia cherehani yake na kutafuta uzi ambao haukuwa umekatika.

"Umeshakata zote?"

"Nimemaliza, mama."

Mimi ningelitupa gunia pale pale na kwenda Msamala kuharibu siku ya mtu. Kunegunda hakwenda. Alijiambia kwamba Adela ana mambo mengi, kwamba amepitiwa tu. Akakusanya kila kipande cha zambarau mpaka vya kwenye ufagio. Nyumbani akafanya alichozoea: akavipanga juu ya bitana, ndege asiye na kichwa akapata kichwa cha mwingine, akafunika kwa neti safi kuliko zote alizokuwa nazo, akashona. Likatoka gauni. Ukilitazama kutoka mbali, lilikuwa sare kabisa. Maskini, alijiangalia kwenye kioo akapiga kigelegele peke yake.

Jumamosi akina mama walijipanga nje ya ukumbi kungoja kuingia wakicheza. Kunegunda akaenda kusimama nao. Adela alimtazama, akaushika mkono wa gauni kwa vidole viwili.

"Wifi, nani kakupa kitambaa?"

"Nimeokota, wifi."

Adela akageuka kumtafuta Jane. Jane alikuwa anakuja, kapendeza, kamshika mkono mama mkwe wake mtarajiwa. Alilitazama lile gauni tangu shingoni hadi kwenye pindo, na akaelewa. Usiniambie hakuelewa. Macho yalimjaa maji, rangi zote za usoni zikawa hatarini.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mama mkwe akatabasamu. Alikuwa mama mwema, hakujua lolote. "Na huyu naye ni nani wetu?"

Jane alimwangalia Adela. Adela akaangalia mlango wa ukumbi, ambako muziki ulikuwa umeanza.

"Huyu ni mama mdogo," Jane akasema. "Mdogo wake mama."

Yule mama akamkumbatia Kunegunda kwa nguvu, akasifia gauni, akasema hajaona mshono wa namna ile. Kisha akamshika mikono yote miwili. "Hongereni sana, dada. Mmetulelea binti mzuri."

Kunegunda alimtazama Jane, aliyekuwa ameuma mdomo wa chini kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto mwenye njaa.

"Kalea dada," akajibu, akamwonyesha Adela. Akasogea mwisho wa mstari, mlango ukafunguliwa, wakaanza kucheza kuingia.