Punda Aliyewekwa Kwangu

Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji wa Bariadi, ukishika njia ya Lagangabilili. Huwezi kuikosa. Uliza kwa bwana mifugo, utaletwa mpaka mlangoni. Kwamba bwana mifugo mwenyewe ni mwanamke haijawahi kumsumbua mtu. Nilianza kazi Kimali, nikahamishiwa Maswa, nikamalizia hapa, na kote huko niliitwa bwana mifugo, nikaitika. Sasa nimestaafu, lakini cheo kimekataa kustaafu.

Nyuma ya nyumba kuna uwanja mpana wenye uzio wa manyara. Humo wanaishi wanyama ambao binadamu amewatumia vibaya. Yuko maksai aliyekatika nusu ya mkia kwa kupindwa kila alipochoka kulima. Yuko mbuzi aliyevunjika mguu kwa kufungwa nyuma ya pikipiki kutoka mnadani. Na wako punda, ambao sisemi ni wangapi, maana kwetu mifugo haihesabiwi mbele za watu. Ninaishi na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, mwanamke mwenye mikono laini na ulimi wa wembe. "Wenzako wakistaafu wanafungua duka," aliniambia mwaka wa kwanza. "Wewe umefungua wodi."

Basi ni wodi, na mimi najivunia. Anayeona najisifu na anune.

Punda ndio walionivuta kwenye kazi hii, na sababu yake si nzuri. Nilipokuwa kijana mpya kazini kule Kimali, ukame uliua maksai wengi, na watu waliobaki na punda walikuja kuniuliza kama punda anaweza kufungwa nira ya ng'ombe akavuta mkokoteni. Nikasema anaweza. Nilisema bila kufikiri, kwa sauti ile ya mtu wa serikali ambayo haiulizwi mara mbili. Sisi Wasukuma ni watu wa ng'ombe. Tunamjua kuanzia pembe mpaka kwato, na mnyama mwingine yeyote tunamwona kama ng'ombe aliyekosewa. Lakini ng'ombe ana nundu, nira inakaa mbele ya nundu naye anaisukuma. Punda hana nundu. Nguvu zake ziko kifuani. Ukimfunga nira, ule mti unakaa juu ya mfupa, na kila hatua anayopiga unamla nyama. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kwenye mafunzo, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma na uso umenishuka. Kufikia hapo watu wangapi walikuwa wamenisikiliza, sijui.

Sasa nieleze habari ya punda mmoja, jike, wa rangi ya majivu.

Ulikuwa msimu wa pamba. Nilikuwa natembea kurudi nyumbani asubuhi, nikakuta mkokoteni umesimama barabarani, marobota ya pamba yamepanda juu, na punda wawili chini ya nira moja. Dume alikuwa amesimama amepindwa shingo, kwa sababu mwenzake alikuwa amepiga magoti na nira imemvuta upande. Mwenye punda, mzee wa makamo yangu, mrefu, mwenye kofia ya pama iliyochakaa, alikuwa anampiga jike kwa fimbo. Hakuwa anapiga kwa hasira. Alipiga taratibu, kama mtu anayetwanga, na hilo lilinichukiza zaidi.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama kwa Kisukuma, fimbo ikiwa bado juu.

Huwezi kumgombeza mtu kabla ya salamu. Nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za pamba, kila jibu likiniuma kwa kuchelewa, kisha nikamwomba aifungue nira niangalie. Ilipoinuliwa, harufu ilitupiga wote wawili. Shingoni pangeingia ngumi yangu. Palikuwa pamepakwa oili chafu ya gari, ile dawa ya kila kitu, na ndani ya oili funza walikuwa wanacheza.

"Niachie huyu," nikasema. "Anakufa."

"Nikupe punda wangu?"

"Sikusema unipe."

Akafikiri. Wanaume wawili wa baiskeli walikuwa wamesimama kutusikiliza, na nadhani hao ndio waliomfanya atafute njia ya kuondoka na heshima yake. "Sikupi," akasema. "Namweka kwako."

Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi huweka baadhi kwa mwenzake. Anayewekewa anakunywa maziwa, anapata samadi, na akitunza vizuri hufikiriwa kupewa ndama. Lakini ng'ombe hawi wake. Mwenyewe akimtaka, anarudishiwa siku hiyo hiyo, hakuna maneno. Na ng'ombe akifa, aliyewekewa hupeleka ngozi kwa mwenyewe, ili ijulikane kwamba amekufa kweli na hakuuzwa. Ni sheria ya zamani, na nimeona watu waliovunja udugu kwa ajili ya ngozi moja. Lakini sikuwahi kusikia mtu akiweka punda. Wale wa baiskeli wakacheka.

"Akipona ni wangu," mzee akasema, bila kucheka. "Akifa, nataka ngozi."

Nikakubali. Ningekubali lolote.

Mimi na yule jike tulitumia karibu saa nne kufika nyumbani, mwendo ambao mimi huenda kwa nusu saa. Siku za kwanza aliugeukia ukuta wa banda, akakaa hivyo, makalio kwetu. Alipiga teke ndoo ya wifi, akapiga teke la pili kana kwamba ndoo ilimjibu. Wifi akanikumbusha kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nikamwambia waliosema hivyo hawakuwahi kumtoa punda funza. Sisi tulimtoa, mmoja mmoja, kwa kibano cha nyusi cha wifi, ambacho anakilalamikia hadi leo. Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tukampaka asali, tukafunika kidonda kwa kipande cha khanga ili nzi wasipate pa kutua. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Wiki ya tatu aligeuka akatutazama. Sikumwambia wifi, lakini nililia.

Kidonda kilijaa nyama kutoka chini kwenda juu, kama inavyotakiwa, kikafunga, kikaota manyoya. Yaliota meupe. Ukimtazama kwa mbali ungedhani ana leso begani.

Wakati huo huo nilikuwa nashona. Nilichukua mikanda ya usalama ya gari bovu gereji, nikaipanga mitatu mitatu, nikatengeneza mkanda mpana wa kifua, na ndani nikajaza pamba fifi, ile chafu inayokataliwa kwenye mizani. Nilimpima, nikarekebisha, nikampima tena. Nikamfundisha kuvuta gogo, kisha tairi lenye mawe. Siku aliyovuta tairi uwanja mzima bila kusimama, masikio yamesimama wima, nilitembea mbele yake kama mama wa bwana harusi.

Halafu mawingu yakaanza kujikusanya, na nikaanza kuogopa. Mvua zikikaribia kila mtu anataka mnyama wake.

Alikuja mchana. Mimi na wifi tulikuwa barazani tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Nilimwona tangu mbali, ile kofia. Tukaamkiana, akakaribishwa chakula, akala kidogo kwa adabu, akanawa mikono.

"Mvua ziko karibu," akasema. "Kuna samadi ya kusomba. Nimekuja kumchukua mnyama wangu."

Naomba nieleweke. Nimeishi maisha yangu yote bila kuzoea uongo. Lakini niliiona ile nira, nikaona ngumi yangu ikiingia kwenye ile shingo, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Alikufa, baba."

Wifi akaacha kutafuna. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akainama kama mtu aliyefika msibani. Sikutegemea hilo. Ningejisikia vizuri zaidi kama angenitukana.

"Pole," akaniambia. Akaniambia pole mimi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Ngozi iko wapi?"

Kabla sijajibu, nyuma ya nyumba, punda akalia. Kama hujawahi kumsikia punda akilia kwa karibu, ni sauti inayoanza kama mlango wenye kutu na kuishia kama mtu anayedai haki yake mahakamani. Alilia mpaka mwisho, hakuruka hata kipande. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata ngazini.

Wifi akainuka akachukua vyombo, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Mzee akavaa kofia. "Nimeona watu wakidanganya kwa sababu ya ng'ombe," akasema. "Kwa sababu ya mke pia nimeona. Kwa sababu ya punda, ni leo."

Akaenda nyuma, nami nikamfuata kama mtoto aliyevunja chungu. Alimkuta amesimama kivulini, amenenepa, mkia unafukuza nzi. Akaweka kiganja juu ya yale manyoya meupe, akabonyeza, akatafuta shimo asilione.

"Ile nira niliichonga mwenyewe," akasema. "Niliilainisha kwa kipande cha chupa, siku mbili."

"Najua, baba. Nira ni nzuri. Punda ndiye hana nundu." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaaibika, aibu ya pili haikuniuma sana, nikamwambia habari ya Kimali: kwamba mimi na sauti yangu ya serikali tuliwaambia watu wafunge punda nira ya ng'ombe, na kwamba huenda hata yeye aliiga kwa mtu aliyeiga kwa mtu aliyenisikiliza mimi. Nikamwonyesha ule mkanda.

Akaugeuza geuza. "Avute kwa kifua?"

"Kwa kifua."

"Na dume wake?"

Hapo ndipo nilipotamani kujipiga kofi. Mkokoteni wake ulivutwa na punda wawili, na mimi kwa miezi yote hiyo nilishona mkanda mmoja. Nilimfikiria mgonjwa wangu tu. Mkanda mmoja kwa punda wawili ni sawa na kiatu kimoja. Nikamwambia anisubiri siku chache nimshonee dume. Akasema mvua haisubiri. Akautupia mkanda begani, akamfungua punda wake, akaondoka naye.

Sikumzuia. Aliwekwa kwangu, mwenyewe amemtaka, hakuna maneno. Sikumfuata pia, maana kumfuata ni kumwambia simwamini, na mzee wa aina ile ukimwambia humwamini atafunga nira makusudi. Nilisimama kwenye uzio mpaka ile leso nyeupe ikaisha machoni.

Mvua zikanyesha, watu wakalima, pamba ikaota, ikachanua, ikaanza kupasuka. Habari zake sikupata. Kila mkokoteni uliopita nilitoka kuangalia shingo. Wifi akaacha kunitania, na hapo nikajua kwamba naye anaumia. Alinunua kibano kipya cha nyusi, kile cha zamani akakiweka kwenye sanduku la dawa. Waliletwa wanyama wengine, tukawatibu, wakapona, lakini ukweli nauandika kama ulivyo: nilikuwa namngoja mmoja.

Msimu wa pamba uliporudi, asubuhi moja nilisikia magurudumu yamesimama kwenye geti. Nikatoka na mikono yenye unga.

Mkokoteni ulikuwa umejaa marobota. Mbele yake walisimama punda wawili, na nira haikuwepo. Jike alikuwa amevaa mkanda wangu, umechakaa kidogo, na manyoya meupe yapo palepale, makavu, mazima. Dume alikuwa amevaa mkanda mwingine. Nilisogea nikautazama. Ulikuwa wa viroba vilivyokunjwa, umejazwa pamba fifi, na mishono yake ilikuwa midogo, imenyooka, mizuri kuliko yangu. Aliyejua kulainisha nira kwa chupa siku mbili alijua pia kushona. Nikapitisha kidole juu ya mshono, salamu nikaisahau.

"Mwangaluka, mayu," mzee akaanza yeye.

"Mwangaluka, baba."

Akazunguka nyuma ya mkokoteni, akafungua kamba, akaniletea punda wa tatu. Alikuwa mdogo, mweusi, anatembea kichwa chini, na shingoni amepakwa oili chafu.

"Huyu si wangu," akasema. "Ni wa jirani. Nimegombana naye wiki nzima mpaka amekubali." Akanikabidhi kamba mkononi. "Anamweka kwako."

"Na akifa?" nikauliza.

"Akifa, tutataka ngozi." Akapanda kwenye mkokoteni, akawagusa punda wake kwa mkono, si kwa fimbo, wakaanza kuondoka. Kisha akageuka. "Ila usituambie amekufa huku analia nyuma ya nyumba."