Mtu wa Faini

Miaka yote aliyoendesha mtambo wa kuchimbia mgodini, Benjamini hakuwahi kushika jembe kwenye kaburi la jirani. Msiba ukitokea kijijini kwao Segese, yeye yuko zamu, au anasema yuko zamu. Kikundi cha mazishi kikimtoza faini ya kutofika, anampa mkewe Eunice aipeleke, tena papo hapo, na moyoni anajiona muungwana kweli kweli.

Sasa zimebaki wiki chache astaafu. Jumapili, watu walipotoka misa, walimsalimia vizuri tu, kisha wakarudia mazungumzo yao kana kwamba aliyepita ni mgeni wa parokia. Hilo likamkosesha usingizi.

“Hivi nikisharudi nyumbani moja kwa moja, nitakaa na nani?” alimuuliza mkewe.

Eunice alikuwa anachambua mchicha, hata hakuinua macho. “Utakaa na faini zako, Baba Klara.”

Yalimwingia. Kwa hiyo alipofariki mzee Mwigulu, jirani yao, Benjamini aliomba ruhusa kazini, akafika makaburini na chepe jipya begani. Wanaume waliokuwa wakichimba wakamsogezea kiti kivulini.

“Sikuja kukaa, jamani.”

“Kaa tu, bosi,” alisema Januari, msimamizi wa uchimbaji. “Faini yako tutaipokea jioni kama kawaida. Au umekuja na ule mtambo?”

Wenzake wakacheka. Mtu mzima na mvi zake akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Angeweza kugeuka akaenda zake. Badala yake alivua viatu, akakunja suruali, akashuka shimoni bila kuitwa.

Kicheko kikakatika. Ardhi ya pale ni changarawe tupu; haukupita muda viganja vikamchubuka, na upande wake ukaanza kwenda kombo.

“We Benjamini!” Januari akafoka. “Unamchimbia mzee kaburi au unafukuzia dhahabu? Nyoosha huo ukuta! Na udongo utupe mbali, unaturudia sisi!”

Benjamini aliinama haraka, kuficha furaha isiyofaa kuonekana msibani. Tangu lini watu hawa wakamfokea mgeni?

Walipokwisha kuzika, mkono ukamwendea mfukoni kutoa faini, kwa mazoea. Januari akauona.

“Ya nini hiyo? Kesho kuna kupasua kuni kule msibani. Usichelewe.”

Jioni Eunice alivitazama vile viganja, akamchemshia maji ya chumvi.

“Kesho uniamshe mapema,” Benjamini alimwambia. “Nina zamu.”

“Ya mgodini?”

“Ya kuni.”