Mwezi Chini ya Sufuria

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka damu hunichemka kana kwamba mambo yale yametendeka asubuhi ya leo, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe. Nakusimulia kwa sababu umeanza kununua vyuma chakavu hapa Kolwezi, na juzi ulikuja kuniuliza namna ya kujitangaza kwa gharama ndogo. Ulinionyesha kwenye simu bango ulilotengenezewa: jina lako kwa herufi za dhahabu, lori jipya, tanuri kubwa linalowaka. Lori si lako. Tanuri si lako. Nilikurudishia simu bila neno, maana neno lililonijia halikuwa la kumwambia mtu aliyekaribishwa chai. Leo nimetulia kidogo, ingawa si sana.

Katika mji huu tumezoea kudanganywa kwa rangi. Malori ya madini yanatujaza vumbi vifuani, na ubavuni yamepakwa majina yanayong'aa. Mtaani kwetu kuna kibao kinachotangaza kisima cha jamii. Kibao hupakwa rangi upya kila mara wageni wanapotarajiwa, lakini bomba lenyewe limekauka, na akina mama hupita mbele ya kibao hicho na ndoo tupu kichwani. Ninayachukia maandishi ya namna hiyo. Hata hivyo nisijifanye mtakatifu, kwani nami niliwahi kuyaandika.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi na shahada ya biashara. Nilipeleka barua katika kila kampuni ya mgodi iliyokuwa na lango, na malango yote yalibaki malango. Aliyenipokea ni mama Ngoie, mjane wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa fundi wa kusubu katika kiwanda cha mgodi. Alipoachishwa kazi alifungua karakana nyuma ya nyumba, akawa anayeyusha alumini kuukuu na kuisubu kuwa sufuria. Alipofariki, watu walimshauri mjane auze vifaa arudi kwa ndugu zake Kasaji. Hakuuza. Aliendelea na mafundi wawili, na mimi akanipa kazi ya kutafuta wateja.

Chini ya kila sufuria iliyotoka kwetu palikuwa na alama ya nusu mwezi. Haikuwa ya muhuri. Kabla ya alumini kumiminwa, mtu aliichora kwa ukucha wa kidole gumba katika mchanga wa kalibu, kwa hiyo hakukuwa na miezi miwili iliyofanana sawasawa. Na ilikuwapo sheria aliyoiacha mjomba: mwezi huchorwa na yule tu aliyevichambua kwa mikono yake vyuma vilivyoingia tanurini siku hiyo. Basi mama Ngoie alikaa kwenye kigoda chake na rundo la vyuma mbele yake, vichwa vya injini, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka, akikishika kipande kimoja kimoja, akikigonga, akikikwaruza kwa tupa na kukitazama rangi yake ya ndani. Zinki aliitupa upande, maana ikichanganyika na alumini hupasua sufuria. Rejeta za magari zenye lehemu alizikataa hata zikiletwa bure. Mafundi walingoja, moto ulingoja. Mimi niliyesoma biashara niliona ni muda unaoungua pamoja na makaa.

Katika kutangaza, nasema bila majivuno, nilifanya mengi mazuri kwa senti chache. Niliokota turubai lililochanika la lori la madini, nikaandika juu yake jina la karakana kwa rangi iliyobaki kwenye makopo ya jirani. Nilitangaza kwamba anayeleta sufuria yake iliyotoboka atapunguziwa bei ya mpya. Na jambo lililotuinua kuliko yote lilikuwa hili: tulisubu sufuria kubwa mbili, zile za kupikia watu mia, tukawa tunaziazimisha bure kwa kila kilio mtaani. Msiba ukitokea, sufuria zetu zilikuwapo. Wanawake wakizigeuza kuziosha, mwezi ulionekana. Kwa nini niseme uongo? Hakuna tangazo lililotupatia wateja kama hilo. Wafanyabiashara walianza kuja hata kutoka Kisenge kufuata sufuria zenye mwezi.

Lakini wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Oda zilizidi vyuma. Hapo ndipo mama Ngoie alipopata habari kwamba dada yake anaumwa Kasaji, akapanda gari moshi, akaniachia karakana pamoja na onyo moja tu: nisisubu zaidi ya ninavyoweza kuchambua. Nilimwitikia kwa adabu. Siku ya tatu nilinunua rundo zima kwa mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni, bila kukwaruza hata kipande. Fundi mkubwa aliniuliza kama nimetazama ndani. Nilimjibu kwamba moto husafisha kila kitu. Nilimimina, na kwa ukucha huu huu nilichora mwezi, kalibu baada ya kalibu, mpaka ukucha ukaniuma. Miongoni mwa zilizotoka siku ile kulikuwa na sufuria kubwa ya kuazimisha, kwa sababu moja ya zile mbili ilikuwa imechakaa. Kisha, kwa kuwa mpumbavu hatosheki na upumbavu mmoja, niliongeza kwenye turubai maneno haya: Sufuria zisizopasuka.

Ilipasuka kilioni. Mama Mujinga, jina la kikwetu wala si tusi, muuza mboga wa jirani ambaye hakuna msiba asioupikia, alikuwa amesimama akikoroga bukari, kama tuitavyo ugali huku kwetu, wakati kitako cha sufuria kilipoachia. Uji wa moto ulimmwagikia mguu kutoka kifundo hadi vidole. Nilifika wakati wamekwisha kumpeleka kwenye zahanati. Kilichobaki ni majivu yaliyolowa, wafiwa wasio na chakula, na kipande cha alumini ambacho wazee walikuwa wakipokezana, wakikigeuza. Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeufundisha mtaa mzima kuusoma mwezi ule.

Mama Ngoie aliporudi, habari zilikuwa zimekwisha kumpokea kituoni. Hakuvua hata kitambaa cha safari. Alikichukua kile kipande, akakikwaruza kwa tupa, akanionyesha madoa ya rangi mbili tatu ndani yake, kama nyama iliyooza. Nami, mwanangu, nilijitetea. Nilisema aliyetuuzia ndiye mwizi. Nilisema sufuria nyingine huenda ni nzima. Halafu nikatoa hekima ya shahada yangu: tulishushe turubai, tuubadilishe mwezi tuweke alama nyingine, tuanze upya na jina jipya, haitatugharimu kitu.

Alikitia kile kipande mkononi mwangu.

"Lisansie," akaniita, jina ambalo huku tunawapa wenye shahada, naye hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. "Ule mwezi haina yako. Bwana yangu aliuchora miaka yote, hakuna mutu alilia juu yake. Wewe ulichora siku moja, na mama wa batu iko analala na muguu ya kuungua. Sasa unataka mi nikimbie jina, na wewe ufiche haya yako mu mufuko?"

Aliniamuru nibebe nyundo, tukaenda kwanza kwa mama Mujinga. Tulimkuta mkekani, mguu umefungwa. Mama Ngoie alipiga magoti, nami nyuma yake, akasema kosa limetoka nyumbani kwake na atamletea chakula na dawa mpaka atakapotembea. Mama Mujinga alikuwa na ulimi mkali hata katika maumivu.

"Mi nilijua jua njo inachomaka," alisema. "Sikujua hata mwezi inachomaka batu."

Watu waliokuwamo walicheka, naye pia akacheka kidogo, kisha akakunja uso kwa maumivu. Kicheko kile kilinichoma kuliko matusi. Hakuniambia mimi lolote. Kwake sikuwa mtu wa kuambiwa.

Kutoka pale mama Ngoie alinipeleka sokoni, penye watu wengi kabisa, akasimama na kusema kwa sauti yake mwenyewe kwamba sufuria zilizonunuliwa karakanani kwake katika majuma mawili aliyokuwa Kasaji ni mbovu, na kila mtu alete yake apewe nyingine. Jumapili alisema hivyo hivyo mbele ya lango la kanisa, Wakatoliki walipokuwa wakitoka, kisha akavuka barabara kuwangoja Waprotestanti. Nilizivunja kwa nyundo kadiri zilivyoletwa, mbele ya macho ya walioleta. Mfanyabiashara mmoja alicheka kwamba mama huyu anajiua mwenyewe. Ni kweli tuliumia. Tulipoteza wateja ambao hawakurudi tena, na mafundi walikaa muda mrefu kwa mlo mmoja. Sufuria nyingine zilikuwa zimefika Kisenge na hazikurudi, na hadi leo sijui zinapikia nani. Mama Mujinga alirudi sokoni, lakini huchechemea majira ya baridi. Uchambuzi wa vyuma nilifundishwa upya, tangu kushika tupa, na ilipita miaka miwili kabla ya mama Ngoie kuniruhusu kuweka ukucha wangu mchangani.

Usidhani nakusimulia haya ili nikwambie kwamba mwishowe kila kitu kilikuwa chema. Kilichonibakia ni ghadhabu, nami sitaki ipoe. Nikiona kijana amechapisha picha ya tanuri asilolimiliki, nauona mguu ule. Nikisikia kampuni inabadilisha jina baada ya kuchafua kijito, namsikia yule lisansie akisema haitatugharimu kitu. Kweli haikumgharimu yeye. Gharama aliilipa aliyekuwa akikoroga.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Waliosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakukukataza kujitangaza. Walikuonya usikitembeze kibaya. Jitangaze. Andika kwenye turubai kuukuu, piga picha ya kiwanja chako kama kilivyo, na vumbi lake, nawe ukiwa umeshika mizani yako. Azimisha kazi yako mahali watu wanapoihitaji bila kuwa na uwezo wa kuilipa, na usiweke bango pale. Wafiwa si soko. Mfundishe mteja kukwaruza na kukagua, hata kama kesho atakukwaruza wewe. Usiahidi kwa maandishi jambo ambalo mikono yako haijalijaribu. Ukiletewa nyaya za shaba zilizokatwa usiku kwenye nguzo, zikatae, kwa kuwa atakayekosa umeme ni mgonjwa wa mwenzako. Na ukikosea, kwani utakosea, uwe wa kwanza kulisema kosa lako, kwa jina lile lile na mahali pale pale ulipojisifia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi kiliniumbua kweli.

Futa lile bango, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuuona uchafu kabla haujaingia motoni, na ujasiri wa kusimama sokoni siku ambayo jicho litakuwa limekukosea. Akupe wateja wenye maswali mengi. Kazi ya mikono yako imlishe mtu usiyemjua, wala isimuumize. Nenda salama.