Alininusia Waini Miezi Minane, Sasa Natakiwa Kumfukuzisha Kazi

Admin, ficha jina langu, hapa Kampala sisi Wakenya tunajuana. Nina miaka 34, naishi Kyambogo, na kazi yangu ni kuhudumia waini kwenye mkahawa mmoja wa watu wazito. Nafungua chupa, nanusa, naonja, kisha namweleza mgeni: hii nyekundu ina zambarau zilizoiva, moshi kidogo, ngozi, na mwishoni inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Watu hunisifia maneno hayo.

Ukweli ni kwamba sinusi kitu. Niliugua homa, nikapona, pua haikurudi. Ulimi unatambua uchachu na ule ukavu, basi. Nikaogopa kufukuzwa, nikanyamaza. Aliyegundua ni mama mmoja Mkongo wa stoo, nimwite Furaha, anayekaa Bwaise na wanawe wawili. Hakunicheka. Kila jioni kabla ya wageni alinusa chupa nilizofungua, akaniambia: "Kaka, hii iko na harufu ya kiatu ya mupya. Ile ni pilipili na moshi ya makala." Makala kwao ni makaa. Mimi naenda kuyapamba maneno hayo mezani. Miezi minane!

Wiki iliyopita mvua ilijaza maji nyumbani kwake, hakuja. Nikafungua chupa bila wa kuninusia, nikaimba wimbo wangu: matunda meusi, moshi, ngozi. Meza nzima ikaitikia, "Kweli, hiyo ngozi ipo." Ila mzee mmoja alisukuma glasi yake akasema, "Kijana, hii inanuka gunia lililolowa." Nilitamani ardhi inimeze.

Meneja ameamua kosa ni la stoo, eti Furaha aliacha chupa kwenye joto. Uongo mtupu! Harufu ile hutoka kwenye kizibo, na kuigundua kabla ya kumimina ni kazi yangu. Lakini ameshaandika barua. "Ssebo, bwana, weka sahihi tu," aliniambia. "Sema ilitoka stoo imeharibika. Ule mama ataenda, wewe utabaki."

Furaha amesimamishwa. Jana nilimpigia, aibu imenijaa, nikamweleza kuhusu barua. Akasema, "Mimi sitakutaja, Kaka. Lakini nani atakunusia?"

Nililia. Barua inatakiwa kesho saa nne asubuhi. Nikisema ukweli, nani ataniajiri kuonja waini bila pua, na mke wangu na mtoto kule nyumbani wananitegemea mimi? Nikitia sahihi, watoto wa Furaha watakula nini? Nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila kabla ya saa nne niambieni: nifanyeje?