Buibui Aliyekosa Jina la Nyamizi

Mwalimu Maganga hakuniomba twende Sikonge. Aliniamrisha. "Mzaramo, jaza upepo baiskeli yako. Wiki hii utafanya kazi, angalau mara moja maishani mwako." Tulikuwa tukifundisha sayansi katika shule moja hapa Tabora. Babu zake Wanyamwezi walipita kwetu Uzaramo na misafara wakielekea pwani, na tangu enzi hizo sisi ni watani: ananitukana, namtukana, na hakuna mwenye ruhusa ya kununa.

Safari yenyewe, hata hivyo, haikuwa ya mzaha. Maganga alikuwa akikusanya buibui wakubwa wenye manyoya, wale wanaojaa kiganja. Alikuwa na wa namna mbili: wanene wa rangi ya udongo, wachimba mashimo, na wembamba weusi wenye miguu mirefu, aliowaokota njiani mvua zilipoanza. Hao wembamba wote walikuwa madume. Mtaalamu mmoja wa Uingereza alimwandikia kwamba huenda ni aina mpya, ila lazima apatikane jike, na ikithibitika Maganga atachagua jina. Jina alikuwa nalo tayari: Nyamizi, binti yake aliyefariki kwa homa mwaka uliotangulia. Tangu mazishi hakuna aliyemsikia akilitamka. Hata mimi aliniandikia ubaoni darasa likiwa tupu, kisha akalifuta haraka.

Asubuhi tulitoka mjini kwa baiskeli, tukaingia msitu wa miyombo. Mchanga ulikuwa mwingi, tukawa tunasukuma zaidi ya kupanda. Nilihema, Maganga akafurahi.

Mchana tulipumzika kijitoni, akanipa lenzi na chupa. "Tazama meno. Buibui wa nyumbani kwako meno yake hukutana kama koleo. Huyu huyashusha yote mawili pamoja, kama majembe ya watu wanaolima bega kwa bega. Ndiyo alama ya ukoo wa kale. Sasa tazama taya, kuna manyoya magumu anayoyasugua akatoa mlio. Wenzao wa Amerika hurusha manyoya ya tumboni yanayowasha. Hawa wetu hawana hayo."

"Kwa hiyo udugu unaujua kwa manyoya?"

"Kwa manyoya, meno, macho, mchoro wa mgongoni. Rangi hudanganya."

Alasiri tulifika kwa mama yake, Bi Kalunde, kijiji kimoja kabla ya Sikonge. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mimi ni nani.

"Mzaramo huyu, mama."

"Mzaramo? Basi fungieni kuku!" Akanikaribisha kwa asali na maziwa ya mgando, nami nikajiona nimefika kwetu.

Siku iliyofuata tulichimba tangu asubuhi. Kila shimo lilitoa jike mnene, wa ile aina inayojulikana. Maganga alizidi kuchimba kwa kasi, nami nilianza kuomba Mungu atuonee huruma.

Jua lilipopungua, manyunyu yakapita. Ndipo tukamwona mwembamba mweusi akija kwenye mdomo wa shimo ambalo hatukuwa tumelifikia. Akapigapiga ardhi kwa miguu ya mbele, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Jike mnene akatoka, akainuka, meno wazi. Nilidhani ataliwa. Kumbe dume aliyazuia yale meno kwa miguu yake, akajisogeza chini yake, wakapandana. Halafu akachomoka mbio, Maganga akamfunika kwa chupa.

Tuliwatazama wote wawili kwa lenzi. Manyoya ya taya yalikuwa yaleyale. Mchoro wa nyota mgongoni ulikuwa uleule, ila kwa dume umefifia. Aina mpya haikuwepo. Wale weusi walikuwa waume wa wanene, wanaotoka mashimoni wakikomaa kwenda kutafuta wake.

Maganga alikaa chini kwenye tope. Pole alikwisha kupewa mwaka mzima, na hazikumfaa. Lakini msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kusema yasiyosemeka, nami nilikuwa sijamfanyia kazi hiyo.

"Maganga," nilisema, "ungempa dume mzururaji, mbisha hodi wa mashimo, jina la mtoto wa watu? Angetoka huko aliko aje kukuchapa."

Alinikazia macho. Nikaogopa. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika tumbo, na kicheko kikageuka kilio. Nililia naye.

Jioni mama yake alimwona macho mekundu. "Mmempata buibui wenu?"

"Hatukumpata, mama. Yule mweusi ni mume wa wale wanene tu."

"Na ungemwitaje?"

Maganga aliweka chini tonge la ugali. "Nyamizi," alisema.

Bi Kalunde alijifunika uso kwa kanga. "Mwaka mzima nangoja ulitaje humu ndani, mwanangu. Peke yangu nilikuwa siwezi." Wakaanza kumzungumzia: alivyokimbia kuchota maji, alivyopenda makoko ya ugali. Chakula kilipoa na hakuna aliyejali.

Siku ya kurudi tulipita njia ya Kwihara, ilikopumzika misafara. Nilijifunza mengi kuhusu meno na manyoya, na bado nayafundisha. Lakini kikubwa nilichojifunza ni kwamba utani, ambao nilidhani ni mchezo, ni kazi, na mtu akifiwa hauna likizo.

Maganga alikuwa mbele yangu. Ghafla akageuka, baiskeli ikiyumba.

"Unajua, Mzaramo? Nyamizi alikuwa akiogopa buibui kuliko kitu chochote duniani."