Jogoo wa Kuhamia

Kwetu Oyugis mwanamume hahamii boma jipya mikono mitupu. Yeye hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza shoka, na mke moto. Jogoo akiwika kule alfajiri, boma limekubalika. Wetu tulimchagua mapema, mwekundu, mwenye kiburi kama chifu.

Wiki ya kuhama akaacha kuwika. Alisimama mbele ya ukuta wa jikoni akidonoa palepale, na hapakuwa na mdudu wala punje. Nikimwondoa, anarudi. Mdomo ukatoka damu, bado anadonoa. Mama mkwe akasema kuna jirani mwenye mkono mbaya. Nilikasirika, maana kitu kikiharibika huyo mama humtafuta mchawi kwanza. Nikamwita daktari wa mifugo.

Daktari hata hakumshika. Alitazama barazani, palipojaa majani na vijiti vya miraa anayotafuna mume wangu, akauliza kama kuku hudonoa hapo. Alisema miraa humwamsha ndege kupita kiasi. Ubongo hushika jambo moja, ukalirudia na kulirudia, kuacha hauwezi. Tumfungie mbali na majani, huenda akapona.

Mume wangu ni fundi wa redio. Wakati huo alikuwa ameketi hapohapo barazani, shavu limejaa, amefungua redio ya mama yake kwa bisibisi. Akaifunga. Akaifungua tena. Redio yenyewe haikuwa na ubaya wowote, tangu Jumapili ilikuwa ikiimba vizuri tu. Nami siku zote hizo nikijisifu sokoni kwamba nimeolewa na mtu wa bidii. Kumbe!

Daktari alipoondoka, bisibisi ikatulia. Mume wangu alimtazama jogoo, kisha akaniambia polepole, "Huyo mtamfungia. Na mimi je, mama watoto, mtanifungia wapi?"

 Nilichukua ufagio nikafagia baraza huku machozi yakinitoka. Kesho yake majani yalikuwa yamerudi.

Jogoo tulimfungia, amepona. Anawika mpaka majirani wananung'unika. Kila siku mama mkwe ananiuliza tunangoja nini, na nguzo za boma jipya zinaliwa na mchwa. Namwambia jogoo yuko tayari, tunamngoja wa kumbeba.